Kulipa Jua Kisogo

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa nne.
Mvua za mwisho zimeacha juu ya chumvi ya Uyuni
maji ya kina cha kidole,
na baridi inanyonya betri kama mwana wa lama.
Ninazo tatu, nimezificha kwapani ndani ya koti,
nazipasha moto kama mayai.
Juzi moja ilikata roho hewani;
droni ikatua iliko,
nikaifuata kilomita mbili, viatu vimejaa maji,
nikiitukana kwa lugha ya bibi.

Katika lugha hiyo jina langu, Nayra, maana yake ni jicho.
Bibi alinipa kabla hajajua
kwamba nitanunua jicho jingine kwa mkopo,
shilingi ya shangazi Benita, miezi kumi na minne,
na kila Jumapili ananiuliza:
jicho limeona nini?

Limeona jua. Mia mbili na kumi nilizihesabu,
mawio, machweo, zote sura moja:
tundu jeupe katikati, pembeni moshi.
Nilikuwa narusha juu, juu kabisa,
nikidhani juu ndiko kuona.
Huko juu dunia hugeuka sahani tupu.
Na rangi nilimwachia kamera achague;
akalichukua lile chungwa la alfajiri
akalifua, akalifua,
hata likatoka kama shuka la hospitali.

Sasa nimemfunga mikono.
Rangi ni hii, usiiguse.
Mwanga nimeupunguza, mawingu yapate kupumua:
giza nitalibembeleza baadaye mezani, litainuka,
lakini cheupe kilichoungua
hakina dawa.
Mita nane, basi. Mita nane zatosha.

Ila maji haya ni mwongo.
Droni ina jicho la tumboni la kupimia ardhi,
na leo tumboni mwake inaona mbingu,
nyota mbili zilizochelewa kulala,
haijui isimame wapi.
Inaanza kushuka polepole
kama mtu aliyeonyeshwa kitanda.
Naishika kwa dole gumba. Si hapo, mama. Si hapo.

Señora Ivonne wa hotelini anataka kalenda.
“Jua lionekane,” amesema, “wageni hulipia jua.”
Basi nimeelekea mashariki, nimebana pumzi,
ukingo wa chumvi unawaka kama uzi wa taa,
sekunde bado chache —
upepo ukapiga.
Droni ikazunguka nusu duara
ikalipa jua kisogo.

(Deni la shangazi bado sijalilipa.)

Nilitaka kuirudisha. Kidole kikagoma.
Magharibi kivuli cha dunia kilikuwa kinazama,
bluu nzito, na juu yake utepe wa waridi
ambao miaka yote nimeupa mgongo.
Chini, kwenye pakavu, marundo ya chumvi,
na baba, Casimiro Huarachi, na sepetu yake,
kofia ya sufi imeshuka hadi nyusi.
Kisha mwanga wa kwanza ukapita chini ya droni,
ukateleza juu ya maji,
ukamfikia.
Marundo yakashika moto upande mmoja,
upande wa pili yakabaki na usiku wao.
Kivuli cha baba kikatoka miguuni,
kikaenda, kikaenda,
kikatoka nje ya picha.

Nikabonyeza. Tano mfululizo, giza hadi nuru.
Mgongoni nilihisi jua likichomoza
bila ya kutazamwa na mtu.

Betri asilimia kumi na nne.
Nikamwita, aje aone.
Akafuta vidole kwenye suruali kabla ya kushika skrini,
akaisogeza karibu, akaisogeza mbali,
akanyamaza kwa muda mrefu hata nikaogopa.
“Rundo la nne,” akasema, “limeegemea.”
Akanirudishia,
akachukua sepetu,
akaenda kulinyoosha.