Mgongo wa Baba

Dukani kwetu Kemi, mashine nne zimepangwa mlangoni,
kati ya ndoo za maua na tundu la kurejeshea chupa.
Huingii kununua maziwa usizipite,
hutoki na chenji mfukoni usiitwe.
Huita kwa kengele ndogo ndogo,
kama mtoto anayelijua jina lako.

Nilipokuwa na miaka saba niliyajua majira ya baridi
kwa mgongo wa baba.
Koti la buluu, mshono umeachia kwapani,
theluji ya mabegani ikidondoka sakafuni tone kwa tone.
"Dakika mbili, Aune," alisema bila kugeuka.
Tulikuwa tumeokota tangu asubuhi, mimi na yeye,
nyuma ya uwanja wa hoki, kwenye vituo vya basi:
chupa arobaini na moja, makopo kumi na tisa.
Risiti ikawa sarafu, sarafu zikawa kelele.
Tulichofuata ni viatu vya kutelezea barafuni, vya mtumba,
vilivyokuwa vikiningoja kwa mama mmoja mtaa wa pili.
Dakika mbili zile hazijaisha hadi leo.

Sasa nina miaka kumi na tisa. Sheria inaniruhusu.
Nakaa kaunta ya pili, fulana ya kijani, jina kifuani,
na zamu nzima nazisikia.
Tuure wa kaunta ya tatu hachezi:
anasema ule muziki unamuuma jino.
Saimi wa mikate alikesha na kalamu usiku mmoja,
akapiga hesabu hadi mwisho wa karatasi,
akaikunja, akasema, "Basi,"
kama mtu aliyefunga dirisha.
Ilari hana sababu. Hapendi tu.
Watu wazima hudhani tulihubiriwa shuleni.
Ni kweli alikuja mwanamke mmoja na mabango yake;
nakumbuka biskuti.

Mimi sijui kueleza vizuri.
Kila anayesimama pale husema, leo nakula.
Mashine haisemi kitu.
Ina mdomo mmoja, mwembamba kama mkato wa kisu,
na sijawahi kuiona ikicheua.

Alhamisi iliyopita baba alikuja kwenye kaunta yangu.
Zilikuwa wazi tatu. Alinichagua,
au hakuinua macho hadi alipofika mbele, sijui.
Kahawa, pakiti moja. Noti ya ishirini.
"Chenji nipe sarafu," alisema, "kama unazo."
Ninazo. Kazi yangu ni kuwa nazo.
Nikamhesabia kiganjani moja moja,
polepole kuliko inavyofaa, foleni ikikohoa,
nikitumaini hesabu itamchosha.
Vidole vyake vilikuwa baridi.
"Ahsante, Aune."
Kisha ule mgongo.

Koti siku hizi ni la kijivu, halina mshono ulioachia.
Nilijua ni wangapi walikuwa nyuma yake kwenye foleni: sita.
Sikumwita.
Nilimuuzia mtu samaki, nikamuuzia mwingine betri.

Mshahara ulipoingia nikanunua viatu vya kutelezea,
vipya, namba thelathini na tisa,
kwa bei iliyoandikwa, bila bahati yoyote.
Jana baada ya zamu tukashuka pale bahari ilipoganda.
Umri wangu huu, nchi yetu hii, na sijui kuteleza!
Nikaanguka. Nikainuka. Nikaangukia Tuure.
Saimi alicheka hadi akakaa chini juu ya barafu.
Hakuna kengele iliyolia.

Giza lilipoanza kushika nikasimama, nikageuka.
Nyuma yangu ilikuwepo mistari miwili, imepindapinda,
imekatika kila nilipoanguka,
na ilianzia ufukweni kabisa,
pale nilipoacha buti zangu.