Nukta za Pembeni

Maabara ilikuwa chini ya ardhi, Turku,
dirisha moja, jembamba kama bahasha, usawa wa lami.
Kuanzia Novemba tuliona viatu tu,
viatu na theluji, na siku moja mbwa.
Vieno Rautalahti alisema inatosha:
"Anayetazama seli hahitaji mandhari."

Nilimkuta na mashine kubwa kama kabati la nguo,
inayokoroma. Damu unaichuja, unaitia rangi,
unaisukuma kwenye mrija mwembamba
hadi seli zikubali kupanga foleni,
moja, moja, moja, mbele ya leza ya buluu.
Kila moja inamulikwa, inajibu kwa mwako wake, inapita,
na kwenye kioo inabaki nukta.
Yeye alizisoma nukta
kama mwenye duka asomavyo daftari la madeni.

Kwa nini kinga? Sikumuuliza.
Mwaka wa nne, Jumapili, tukisubiri mashine ijioshe,
akasema kaka yake Tarmo alikuwa na miaka tisa
alipoanza kuamka usiku kunywa maji, maji, maji,
mama akidhani ni samaki wa chumvi.
Askari wa mwili wake walikuwa wameingia kongosho
wakachoma ghala la nyumba waliyopewa kulinda.
Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo.
Yeye alitaka kujua kimejificha mfuko gani.

Aliziona mwaka wa themanini na tisa,
juu, kulia, pasipotakiwa kuwa na kitu:
nukta mia tatu katika laki moja,
zimebeba alama za koo mbili zisizoivana,
kama mtu mwenye pasipoti za nchi mbili vitani.
Wenzake wakasema takataka.
Akazichorea duara, akaziita wageni,
akaandika makala tatu.
Miaka saba tulikula mkate mweusi tukiwa wima,
kando ya barafu kavu, tukihesabu wageni.

Kisha kijana wa Uppsala, Torkel, mwenye darubini mpya,
akatuma picha moja bila barua.
Hawakuwa wageni. Zilikuwa seli mbili
zilizong'ang'aniana, zikapita mbele ya leza kama moja.
Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nilidhani atalia. Alikwenda kunawa,
muda mrefu, hadi viwiko,
akarudi, akaandika kwa kalamu:
"Nilikosea. Mchoro wa pili, na yote yaliyojengwa juu yake."
Moja kwa jarida, moja kwa Torkel,
moja akaibandika juu ya sinki,
ikakaa hapo hadi mvuke ulipokula wino.

Siku ya tatu akaingia, kofia bado kichwani,
theluji inamdondoka mabegani:
"Sawa, ni mbili. Ila kwa nini zimeshikana?
Na kwa nini kwa Tarmo zinashikana zaidi?"

Tuliishi na swali hilo miaka kumi na tisa.
Nusu ya jibu imo katika tasnifu za wanafunzi wake,
kwa majina yao, si lake; alitaka hivyo.
Nusu nyingine sijui iko wapi.

Jana amestaafu. Walileta keki na mkuu wa kitivo,
aliyekosea kulitamka neno kongosho.
Vieno alicheka, akala kipande kimoja,
akaenda kuzima leza kwa mkono wake,
akasimama kidogo, kama mtu anayehisi
amesahau kitu jikoni.
Halafu akanipa ufunguo wa jokofu la chini,
ambamo Tarmo amepangwa mwaka kwa mwaka,
mirija thelathini na mmoja, mwandiko mmoja.

Januari atakuja, kama kawaida, na maandazi asiyoweza kula mwenyewe,
atakunja mkono wa shati, atatazama pembeni.
Sindano nitashika mimi.
Sijawahi kumchoma mtu ninayemfahamu.