Kilango cha Bomba

Chumba ni chako, Meerim. Kodi tumekubaliana,
ufunguo huu hapa, na ule msumari ni wa koti.
Sasa kaa, unywe chai.
Jiko sikabidhi mtu akiwa wima.

Naryn si kwenu bondeni kwenye miaprikoti.
Hapa Januari mate huganda kabla hayajafika chini,
na jiko ndilo mwenye nyumba; sisi sote wapangaji.

Alilijenga baba kwa matofali mia na kumi,
akalikandika kwa udongo na nywele za farasi.
Ukiona ufa, hata mwembamba kama uzi wa kushonea,
niite. Usiniambie kesho.
Udongo ninao kwenye karai, na mikono ninayo bado.

Unaanza na samadi kavu, halafu vijiti,
halafu makaa ya mawe, vipande vya ngumi yako,
si yangu. Yangu imekomazwa na kukamua.
Na mafuta ya taa?
Muulize Kubat mwanangu nyusi zake zilikwenda wapi.

Soksi usianike kwenye bomba.
Zulia la sufu lisisogee kupita ule mstari wa chaki,
hata miguu ikikuomba.

Majivu ni wanafiki: uso umepoa, rangi ya kijivu,
tumboni wamebeba kaa jekundu siku mbili nzima.
Yaweke kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko,
uyapeleke nje, mbali na majani ya ng'ombe.
Jirani yetu aliyatia kwenye boksi la viatu barazani.
Kulipokucha viatu alikuwa navyo,
baraza hakuwa nayo.

Kunywa, chai inapoa.

Sasa tazama juu, kwenye bomba.
Unakiona kile kilango cha chuma, kina tundu katikati?
Lile tundu nililitoboa mimi, kwa keekee ya kuazima,
siku ya tisa baada ya kumzika dada yangu Jipargul.

Makaa yalikuwa ghali mwaka ule.
Alitaka joto lisitoroke; nani hataki?
Juu ya makaa vilikuwa vikicheza vindimi vya buluu,
vizuri kutazama, kama maua ya kitani,
naye akafunga kilango, akavuta blanketi.

Wanasema pafukapo moshi pana moto.
Kweli. Lakini ile haikufuka.
Haina rangi, haina harufu, haibishi hodi.
Hakuna aliyekohoa usiku ule.
Nilipoingia na maziwa asubuhi
mashavu yake yalikuwa mekundu,
kama ya msichana aliyetoka kucheza kwenye theluji,
nami nikafurahi, kwa pumzi moja tu,
nikidhani safari hii amelala vizuri.

Basi. Kilango hiki hakifungwi
mpaka buluu yote iishe, makaa yawe kijivu hadi moyoni,
na hata hapo usikifunge.
Acha joto liende zake. Tutanunua jingine.
Dirisha liache wazi upana wa kidole.
Baridi humwamsha mtu. Ile nyingine humlaza.

Kichwa kikikugonga na magoti yakilegea
usiseme ni hesabu za chuo.
Fungua mlango, toka ulivyo, bila viatu,
uje ugonge dirisha langu, hata saa tisa usiku.
Sitakuuliza kitu.

Kile kidude cheupe ukutani alikileta mjukuu kutoka Bishkek.
Kikilia mfululizo, kitii.
Kikilia tik, tik, kinaomba betri, kipe;
usiiibe betri yake kwa ajili ya redio,
mpangaji wa mwaka jana aliiiba, nikamfukuza,
na alikuwa mpole, alinisomea barua.

Fundi wa bomba huja Septemba.
Mwaka huu alitoa ndoo mbili za masizi na kunguru mkavu.

Haya, kiberiti hicho.
Washa wewe. Mimi nimekaa hapa,
nakutazama mikono.