Maikroni Nne

Saa kumi jioni Dundee imeshazima mchana wake,
mto Tay umebaki mstari wa risasi dirishani,
nami, ghorofa ya chini ya hospitali,
nalaza nta juu ya barafu ipate kukaza.
Kisha kisu. Kipande kimoja: maikroni nne.
Pumzi ikinitoka vibaya kinajikunja
kama karatasi ya sigara.

Mama aliponiuliza nafanya kazi gani
nilisema, nakata nyama nyembamba mno.
"Buchani?" akashtuka. "Miaka yote ile ya kusoma, buchani?"

Utepe wa nta hunyooka katika maji vuguvugu.
Naupokea kwa kioo, kutoka chini,
kama mtu anayeopoa ua asilivunje.
Halafu rangi: zambarau kwa viini vya seli,
waridi kwa kilichobaki.

Bi Shemsa, somo yangu, alinifunza
kufunga kitambaa, kukaa, kunyamaza,
maneno ya kumwambia mume na yasiyoambiwa mtu.
Mji wa mimba ni mji, alisema,
una mlango na una wenyewe.
Hakusema kwamba una mitaa,
kwamba tezi zake zimepindapinda
kama vichochoro ambavyo mgeni huingia akatokea alikoanzia,
kwamba kila mwezi kuta zinabomolewa, zinapandishwa upya,
na fundi hajaonekana.
Hakusema ovari hutunza makovu meupe,
kila yai lililotoka limeacha lake,
na kwamba makovu hayo hufifia polepole,
hayana haraka.

Na mrija! Mrija ukiukata kwa upande ni gauni,
marinda ndani ya marinda ndani ya marinda,
na mwishoni, panapoelekea ovari, matamvua.
Vitabu vya hapa vina neno la Kilatini.
Mimi nimechukua la shali ya bibi yangu,
linatosha.
Seli za juu zina vinyweleo
vinavyolaza yai upande mmoja, daima upande mmoja.
Nywele laini za mkononi sisi huziita malaika.
Basi hizi nazo ni malaika.
Eilidh akaniuliza nacheka nini peke yangu.
Nikashindwa kumweleza.

Leo, kioo namba mia mbili kumi na saba.
Fomu inasema: miaka thelathini na minne.
Jina sikulisoma. Nimejizoeza kutolisoma.
Pale palipopaswa kuwa marinda tu
vidole vya kondo vimeshika ukuta,
vimeshika kwa nguvu, kwa imani,
ukuta usiokuwa wa nyumba.
Damu pembeni, waridi iliyokolea.
Si kazi yangu kusema. Daktari Farquharson atasema kesho.
Yangu ni kuangalia rangi isizidi.

Usiku nikampigia mama.
Mwaka ule, nikamwambia, ule wa vuli isiyokatika,
uliporudi hospitali na kovu.
"Ah," akasema. "Walitoa uchafu."
Na majirani?
"Majirani walisema jicho."
Nikamwambia: haukuwa uchafu. Halikuwa jicho.
Alikuwa anakuja, akakwama njiani.
Pengine njia ilikuwa na jeraha la zamani,
pengine malaika walikatika hapo, wakamwacha.
Yeye alifanya alichojua kufanya:
alipofika mwisho wa uwezo wake, akashika.

Nilisikia feni yake ikizunguka, upande ule wa dunia.
Nikadhani simu imekatika.

"Huko kwenye kioo," akasema, "anaonekana rangi gani?"
Waridi, mama. Waridi na zambarau kidogo.
"Waridi," akarudia,
kama anayepokea kitu kwa mikono miwili.

Halafu akauliza kama nimekula,
na kama theluji imeanza.
Haijaanza, nikasema. Nimekula.
Yote mawili yalikuwa karibu na kweli.