Ritifaa

Biju alipanda ngazi na kopo la rangi nyeusi,
akaniuliza kutoka juu, kwa Kiarabu chake cha dukani:
"Dada mmoja au wawili?"

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu pini.

Kibao hiki tulikiandikisha mwaka wa kwanza, mie na Rayya,
hapa Ibra, nyuma ya soko la Jumatano,
Kiarabu juu, Kiingereza chini, baladia walivyotaka.
Kiarabu hakikutupa tabu. Kina chumba cha watu wawili,
si mmoja, si wengi, wawili tu,
kama kile kitanda tulicholala sote
mpaka usiku wa harusi yake.

Kiingereza ndicho kilichotukalisha kitako.
Kwao wingi huingia kwa mlango wa uani:
herufi s, mwishoni, kimya,
kama mgeni aliyekuta watu wameshanawa.
Siye tunasema mtu, watu; kitambaa, vitambaa;
wetu wengi hupiga hodi mbele, wakasikika mtaa mzima.
Halafu s ile ile ndiyo ya mwenye mali.
Wingi na milki, vazi moja,
kama baibui letu la kwanza tuliloazimana:
akitoka nalo yeye, mie nimo ndani.
Kinachowatenga ni ritifaa,
kipande cha uzi kilichoponyoka sindanoni
kikagoma kufika chini.
(Kwetu ina kazi nyingine. Hukaa kwenye ng'ombe,
hukaa kwenye kung'ara.)

Ikija kabla ya s, duka la dada mmoja.
Ikija baada, la wote.
Rayya, wa madarasa ya jioni miezi mitatu,
alichora zote mbili kwa chaki ya kushonea,
juu ya hariri ya mteja,
akacheka mpaka akakohoa:
"Ghaniya, angalia sana. Kwa nukta hii moja
utanitoa dukani."

Figo zilimtoa. Mwezi wa Rajabu.

Jua la hapa limekula kibao,
na ritifaa ndiyo iliyotangulia kufutika.
Biju haulizi kwa ubaya. Brashi inamdondokea mkononi,
anataka kujua aiweke wapi.
Herufi moja baisa mia tano. Ritifaa hatozi.

Nikajaribu kwa Kiswahili, lugha ya jikoni kwa mama,
ya kugombana na ya kusameheana.
Dada. Mmoja dada, wawili dada.
Neno halitikisiki, kama kondoo.
Hesabu ameachiwa anayefuata nyuma:
dada yangu, dada zangu.
Nikasema "dada yangu," peke yangu, mdomo ukanata hapo,
haukutaka kuongeza "alikuwa."

Nikasema "duka letu."
Ile l ni ya duka, siidai.
Iliyobaki ni yetu,
nayo haijapata kuuliza tuko wangapi,
wala nani amelala wapi.

"Mama," Biju akaita, "ngazi inacheza."

"Baada," nikamwambia. "Weka baada ya s."

Akainama, akachungulia ndani:
cherehani mbili, moja imefunikwa shuka.
Akachovya brashi.
Rangi ilikuwa nyingi, ritifaa ikachuruzika,
ikawa na mkia mrefu kuliko sheria inavyoruhusu.
Akatoa kitambaa afute.

Nikamwambia aiache.