Mashahidi Wanne

Kitabu cha chama kilisema Mama Ndelilio
aliweka laki mbili Moshi saa nne na dakika kumi na moja,
na binti yake akazitoa Kibosho
saa nne na dakika nne.
Zilitoka kabla ya kuingia.
Meneja akasema: kuna mtu amechimba shimo, kisha akalifukia.
Akamtazama Anaeli wa dirisha la pili,
na Anaeli akaitazama mikono yake
kana kwamba ndiyo iliyoandika.

Funguo za chumba cha seva ninazo mimi:
ghorofa ya juu, upande wa stesheni ya reli,
feni moja, na vumbi la kahawa lisilojua mlango.
Humo niliona kilichotokea.
Saa ya Kibosho ilikuwa nyuma dakika kumi na moja,
ya kwetu mbele dakika mbili.
Hakuna aliyeiba.
Palikuwa na saa mbili zisizosalimiana.

Kule chini, Double Road, Rajabu Msangi fundi saa
ana saa kumi na tisa ukutani, kila moja na msimamo wake.
Ukimuuliza saa ngapi, anatoa simu mfukoni.
Na simu, inamuuliza nani?
Hapo ndipo kazi yangu inapoanza.

Zamani tulikuwa na chanzo kimoja, seva ya Ulaya yenye jina kubwa.
Ikikosea, tulikosea nayo, kwa heshima.
Nikaongeza ya pili. Zikagombana,
nikabaki katikati kama mtoto wa talaka.
Ya tatu ikaleta kura, wawili kwa mmoja,
lakini mmoja akizimika, ugomvi unarudi pale pale.
Nne, basi.
Kwa nne, mwongo akijitenga
bado watatu wanakubaliana.

Ila nilikagua ukoo wao kwanza.
Tatu kati ya zile nne zilinyonya titi moja!
Mashahidi watatu waliosikia kwa mtu mmoja
ni shahidi mmoja mwenye midomo mitatu.
Nikaanza upya: moja Dar, moja Nairobi, moja ng'ambo,
na antena juu ya bati letu wenyewe,
inayosikiliza setilaiti
mlima ukiwa wazi au umejifunika.

Ya Nairobi ina mbio, leo mbio, kesho kigugumizi.
Ya Dar huchelewa, lakini kwa kiasi kile kile,
kama Mama Eshe wa maziwa:
kila asubuhi robo saa baada ya ahadi,
nasi tumezoea kuinjika chai robo saa baadaye.
Huyo anahesabika.
Mashine inaandika kumi na tano, mimi nasoma tisa alasiri,
na sijawahi kukosa chakula kwa sababu hiyo.
Tofauti inayojulikana si uongo.

Saa yetu iliyotangulia sikuivuta nyuma kwa pigo moja.
Dakika mbili zingepita mara mbili,
risiti zingezaa mapacha.
Niliipunguzia hatua tu,
kidogo, kidogo, siku nzima na usiku wake,
mpaka wenzake wakaifikia.
Kibosho niliingojea usiku, madirisha yamefungwa,
nikairusha mbele,
mlinzi akiuliza kwa simu kama nimemaliza alale.

Ijumaa nilimpelekea meneja karatasi:
pesa ziliwekwa saa nne na dakika tisa,
zikatolewa saa nne na robo.
Alisoma kwa miwani, akasoma bila miwani.
"Dakika tu," akasema. "Funga jalada."

Anaeli hajarudi dirishani.
Barua ya kumwita haijaandikwa.
Siku ikiandikwa, itagongwa muhuri wa saa,
na hiyo saa naiapia
mpaka sehemu ya elfu ya sekunde.