Kidole Gumba

Miaka ishirini na mitatu nilisukuma marobota ya karatasi
kiwandani Kajaani, hadi mashine ya mwisho ilipozimwa
siku ya Alhamisi, tukagawiwa kahawa na keki.
Leo nina miaka arobaini na tisa na beji ya mwanafunzi,
na mwalimu wangu, Sanni Keränen, ni rika la binti yangu.

Ananiambia: Nawa.
Si hivyo. Katikati ya vidole, chini ya kucha,
na mgongo wa mkono, huo usahaulikao
kama mgeni aliyeketi karibu na mlango.
Nawa kabla ya kumgusa, nawa baada, nawa
hata kama umegusa kitasa tu.
Nje Januari imekaza, theluji imepanda hadi dirishani,
na ngozi ya vidole vyangu inachanika kama mkate mkavu.

Kitanda cha nne: bibi Hilma Moilanen, tisini na mmoja.
Maji yapime kwa kiwiko, Jouko,
kiganja chako kimeota sugu, kitakudanganya.
Anza na macho, bila sabuni,
toka upande wa pua kwenda upande wa sikio,
kila jicho na pembe yake ya kitambaa.
Funua unapoosha, pengine pote paache chini ya taulo.
Huoshi gari.

Nikamgusa bega. Akashtuka, akafumbua jicho moja:
“Mikono gani hiyo! Mansikki wangu angekupiga teke,
wewe na ndoo yako.”
Ng'ombe kumi na wawili alikamua kila alfajiri
katika zizi ambalo leo limeota nyasi;
anajua mwili hautoi kitu kwa mkono wa baridi.
Nikaitia mikono kwapani, nikangoja.
Tukangoja wote watatu, kimya,
kama watu wa kituo cha basi.

Kisha mapigo.
Niliushika mkono wake, mwepesi kuliko bahasha,
nikahesabu, jicho kwenye saa, dakika nzima.
“Tisini na nne,” nikasema kwa fahari, nikaandika.
Sanni akaweka vidole vyake viwili palepale.
Akanyamaza. “Hamsini na sita.”
Nikaona aibu inanipanda shingoni.
“Ulitumia kidole gumba. Gumba lina mshipa wake.
Umejihesabu mwenyewe.”

Basi hofu yangu ilikuwa imeandikwa, kwa wino,
chini ya jina la mtu mwingine.
Nilitaka kuichana ile karatasi (karatasi naijua,
naijua uzito wake, naijua inavyonuka ikiwa moto)
lakini hata hilo lina kanuni:
kosa halifutwi, halipakwi rangi nyeupe.
Lipige mstari mmoja, lizidi kusomeka,
weka sahihi kando yake.

Sasa ni Machi. Nimejifunza kukunja pembe za shuka
mpaka sarafu idunde juu yake,
na kwamba mkunjo mmoja chini ya nyonga
kwa usiku mmoja huzaa kidonda cha miezi.
Visigino vielee, visiguse godoro.
Kila saa mbili, mgeuze. Mwambie kwanza, ndipo umgeuze,
hata akilala, hata ukidhani hasikii.

Saa kumi alfajiri nimeingia peke yangu.
Mikono nimeipasha juu ya kipasha joto cha ukutani.
Vidole viwili, upande wa gumba lake,
pigo, pigo, kisha pengo
refu kiasi cha kunifanya niinuke kitini,
kisha pigo.

“Umehesabu?” akauliza, macho kayafumba.
“Hamsini na tatu.”
“Ya nani?”
“Yako, bibi Hilma.”
Akafikiri kidogo.
“Haya, nigeuze. Upande wa dirishani.
Na hiyo taa, izime.”